Chupa ya Lydia Pinkham: kilichokuwa ndani na kilichofutwa kwenye lebo

Bidhaa: Lydia E. Pinkham's Vegetable Compound, dawa ya maji ya akina mama. Mtengenezaji: kampuni ya familia ya Pinkham, mji wa Lynn, Massachusetts, Marekani. Ilianza kuuzwa 1875. Ujazo: aunsi 14 na nusu, sawa na mililita 430 hivi. Bei ya enzi zake: dola 1 kwa chupa, dola 5 kwa chupa 6.

Dola moja ilikuwa ujira wa siku nzima au zaidi kwa mwanamke wa kiwandani. Hata hivyo chupa hii ilinunuliwa kwa miongo mingi, na mwenye kutaka kuelewa kwa nini serikali huingilia maneno yaliyo kwenye dawa za wanawake hatapata mfano ulio wazi zaidi. Ule uso wa mama mtulivu aliyefunga kola ya lesi, uliowekwa kwenye matangazo tangu 1879, haukuondoka. Yaliyoondoka ni maneno yaliyouzunguka, moja baada ya jingine, na kila lililoondoka lina sheria nyuma yake.

Tuanze na dawa yenyewe, maana lebo haipimiki mpaka ujue inafunika nini.

Ndani ya chupa

Fomula ya mwanzo inajulikana. Kwa painti 100 za Kimarekani, yaani lita 47 na kidogo, ziliwekwa aunsi 8 za mizizi ya Aletris farinosa, aunsi 6 za Senecio aureus, aunsi 6 za Cimicifuga racemosa, aunsi 6 za mizizi ya Asclepias tuberosa, na aunsi 12 za mbegu za uwatu. Kisha alkoholi, asilimia 18 ya ujazo wote.

Piga hesabu. Mimea yote mitano ni aunsi 38, kilo moja na gramu 77 hivi. Ukiigawa kwenye lita 47 unapata gramu 23 kwa lita, na kwenye chupa moja karibu gramu 10. Kijiko kikubwa cha mililita 15 kinabeba utomvu wa theluthi moja ya gramu ya mimea, aina tano kwa pamoja. Uwatu peke yake, ambao ndio mwingi kuliko vyote, ni gramu 3 tu kwa chupa nzima. Ni uwatu ule ule wa madukani kwetu, unaotiwa kwenye achari na kupikiwa mzazi ili maziwa yatoke. Gramu 3 hazijazi hata kijiko cha chai.

Sasa pima kilevi. Asilimia 18 ya mililita 430 ni mililita 77 za alkoholi tupu. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo chupa moja ya Pinkham ni bia tatu kubwa. Kwa kijiko kimoja ni mililita 2.7, kiasi kidogo kisichomlevya mtu mzima, na hapo lazima tuwe waadilifu: mwanamke aliyekunywa vijiko vinne kwa siku kama alivyoelekezwa hakuwa mlevi. Tatizo liko kwingine. Dawa hii iliuzwa kwa fahari kama mimea tupu, kwa wanawake ambao wengi wao walikuwa wameapa kutoonja pombe, na kabla ya 1907 hakuna sheria iliyomlazimu mtengenezaji kuwaambia hilo kwenye lebo. Kibaya zaidi, lebo ilimwalika mjamzito. Leo tunajua hakuna kiwango cha pombe kinachothibitishwa kuwa salama kwa mimba.

Mimea nayo haikuwa yote ya kuchezea. Senecio ina alkaloidi za pairolizidini, zinazoharibu ini zikitumika kwa muda mrefu. Asclepias ina kemikali zinazogusa mapigo ya moyo. Cimicifuga, ambayo siku hizi huitwa Actaea racemosa, bado inauzwa sana kwa joto la ukomo wa hedhi, lakini mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, hayakukuta ushahidi wa kutosha wa kuitetea, na kuna taarifa za wagonjwa walioumia ini baada ya kuitumia. Kwa vipimo vidogo vya chupa hii, madhara makubwa hayakuwa ya kutarajiwa kwa wengi. Lakini kwa vipimo hivyo hivyo, tiba nayo haikuwa ya kutarajiwa.

Lebo ya kwanza

Isomeke taratibu. Iliahidi tiba ya uhakika ya kushuka kwa kizazi na ya "udhaifu wote wa kike": ute mweupe ukeni, hedhi yenye maumivu, uvimbe na vidonda vya kizazi, hedhi isiyo na mpangilio, damu kutoka kwa wingi. Ikadai ni tamu mdomoni na kazi yake ni ya papo hapo. Ikadai inamsaidia sana mjamzito na kupunguza uchungu wa kuzaa. Mwisho ikavuka mipaka ya wanawake kabisa: udhaifu wa viungo vya uzazi vya jinsia zote mbili, na magonjwa yote ya figo, ambako ilijiita dawa kuu kuliko zote duniani.

Udhaifu wa kike ni neno pana kama chango kwetu. Ndani yake hukaa uvimbe wa faibroidi, maambukizi ya mirija, saratani ya shingo ya kizazi, upungufu wa damu, mimba iliyoharibika, na uchovu wa mtu aliyezaa watoto wanane bila kupumzika. Kila kimoja kina sababu yake na dawa yake. Neno moja likifunika vyote, chupa moja inaweza kuuzwa kwa wote, na anayetokwa damu kwa sababu ya saratani anakunywa kijiko kile kile anachokunywa mwenye maumivu ya kawaida ya hedhi. Gharama yake ni muda. Miezi inayopotea kwenye chupa ndiyo miezi ambayo uvimbe ulikuwa bado mdogo.

Kushuka kwa kizazi ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu hapo madai hayawezi kutetewa kwa namna yoyote. Kizazi hushikiliwa na kano na misuli ya sakafu ya nyonga. Uzazi, uzee na kunyanyua mizigo huivuta na kuilegeza hadi kizazi kinateremka ukeni. Kinachokirudisha ni mazoezi ya misuli hiyo kwa hali nyepesi, pete maalumu inayopimwa na kuwekwa na mhudumu aliyefunzwa, au upasuaji. Hakuna kinywaji kinachoweza kukaza kano iliyovutika. Pete hizo zilikuwapo hata karne ya 19, na mwanamke aliyeambiwa chupa inatosha hakuwa na sababu ya kuitafuta.

Hata hivyo hatuwacheki wanunuzi. Madaktari wa zama zile walikuwa wakiondoa ovari nzima zisizo na ugonjwa kwa kudhani wanatibu neva. Upasuaji huo ulianza Marekani mwaka 1872. Kumvulia nguo daktari wa kiume ilikuwa aibu kubwa. Kati ya kisu na kijiko, wengi walichagua kijiko, na walikuwa na sababu.

Huduma ya barua

Kampuni iliwakaribisha wanawake wamwandikie Bi. Pinkham, Lynn, wakieleza siri zao, na waliahidiwa kwamba hakuna mwanamume atakayezisoma. Kwa mwanamke asiye na wa kumweleza, mwaliko huo ulikuwa na thamani kuliko dawa. Lakini Lydia Pinkham alifariki 17 Mei 1883. Matangazo yaliendelea kwa miaka zaidi ya 20 baada ya hapo kana kwamba yupo mezani akijibu. Mwaka 1905 gazeti la Ladies' Home Journal lilichapisha picha ya jiwe la kaburi lake huko Lynn, lenye tarehe yake ya kifo, kando ya tangazo hilo. Kampuni ilijitetea kwamba Bi. Pinkham wa sasa ni mke wa mwanawe. Utetezi huo hauwasaidii walioandika wakiamini wanamwandikia yule wa kwenye picha.

Mhariri wa gazeti hilo, Edward Bok, alijikwaa kwenye dawa nyingine ya wanawake, Favorite Prescription ya Dr. Pierce. Aliandika kwamba ina pombe, afyuni na dijitalisi (dawa ya moyo). Vipimo havikumuunga mkono, akashtakiwa, na gazeti likalipa dola 16,000. Tunalitaja kwa sababu linahusu kazi hii moja kwa moja: kabla ya kusema dawa ina kitu fulani, pima chupa inayouzwa leo, usitegemee uchunguzi wa zamani.

Mkono wa serikali

Rais Theodore Roosevelt alitia saini Sheria ya Vyakula na Dawa Safi tarehe 30 Juni 1906, ikaanza kazi 1 Januari 1907. Msimamizi alikuwa Ofisi ya Kemia katika Wizara ya Kilimo, chini ya Harvey Wiley. Kwa dawa za wanawake ilileta mambo mawili. La kwanza, vitu 11 vitajwe kwa kiasi chake kwenye lebo: alkoholi, mofini, afyuni, kokeini, heroini, eukaini ya alfa na ya beta, klorofomu, bangi, klorali na asetanilidi. La pili, lebo isiwe na neno la uongo au la kupotosha.

Ndipo chupa ya Pinkham ikaandika asilimia 18 ya alkoholi, na kuongeza kwamba imewekwa kama kiyeyushi na kihifadhi tu. Maelezo hayo kitaalamu si ya uongo: alkoholi hutoa viini vya mimea na kuzuia kuoza. Baadaye kiasi kilishuka hadi 15, kisha 13.5. "Tiba ya uhakika" nayo ikaondoka. Angalia lakini kilichokosekana: sheria haikumlazimu mtengenezaji kutaja mimea mitano iliyobaki. Dawa hizi ziliitwa za hataza, yaani zenye haki ya uvumbuzi iliyosajiliwa serikalini, ilhali nyingi hazikuwa na hataza yoyote, maana kupata hataza kunadai ufichue fomula. Kilichosajiliwa ni jina na picha. Siri ikabaki siri.

Kesi ilikwenda hivi. Mkaguzi ananunua sampuli na kuthibitisha kwa hati za usafirishaji kwamba imevuka mpaka wa jimbo. Bila hati hiyo serikali kuu haina mamlaka, na kesi inaanguka hapo hapo. Sampuli inafungwa lakiri na kupelekwa maabara. Matokeo yakiwa mabaya, mtengenezaji anaitwa kujieleza. Kisha faili linakwenda kwa mwanasheria wa serikali, ambaye ana njia mbili: kumshtaki mtu, au kuushtaki mzigo wenyewe ukamatwe. Mzigo ukihukumiwa unaharibiwa, au mwenyewe anaweka dhamana na kuruhusiwa kubandika lebo mpya. Hukumu inachapishwa kwa namba, na taarifa hizo zenye namba ndizo kumbukumbu bora tuliyo nayo ya dawa za enzi hizo. Moja ya dawa zilizopita humo ni Mother's Friend ya Atlanta, ya kupaka tumboni wakati wa mimba kwa ahadi ya kuzaa bila taabu. Wakemia walikuta mafuta na sabuni kidogo.

Sasa mapungufu, nayo ni mengi. Faini ya kosa la kwanza la kusafirisha ilikuwa isiyozidi dola 200: bei ya rejareja ya chupa 200. Ukamataji uligusa shehena moja tu, shehena inayofuata ikawa kesi mpya. Halafu kulikuwa na ule mhuri uliowapotosha watu vibaya. Mtengenezaji aliweza kuandikisha dhamana na kupewa namba, kisha akachapisha kwenye lebo kwamba bidhaa imedhaminiwa chini ya sheria ya 1906. Maana yake ilikuwa kwamba yeye mwenyewe anabeba lawama, si muuza duka. Mnunuzi akasoma kwamba serikali imeithibitisha dawa. Ikabidi maneno hayo yafutwe baadaye.

Pigo kubwa lilikuja 1911. Katika kesi ya Johnson, muuzaji wa dawa ya saratani kutoka Kansas City, Mahakama ya Juu iliamua kwamba uongo unaokatazwa ni ule wa kilichomo chupani, si ule wa kinachoponywa. Jaji Hughes na wenzake wawili walipinga. Kwa uamuzi huo ungeweza kuandika ukweli kuhusu asilimia za pombe na hapo hapo ukaahidi kurudisha kizazi mahali pake. Bunge likajibu kwa marekebisho ya Sherley ya 23 Agosti 1912 yaliyokataza madai ya tiba, lakini kwa maneno "ya uongo na ya ulaghai". Neno la pili liliigharimu serikali miaka 26, kwa sababu lilidai kuthibitisha nia. Mwenye kiwanda aliyesema naamini dawa yangu inaponya, na kuonyesha rundo la barua za shukrani, alikuwa na utetezi. Na kampuni ya Pinkham ilikuwa na barua nyingi kuliko mtu yeyote.

Pamoja na hayo, marekebisho yalibana. Lebo ikarudi nyuma hatua kwa hatua: kwanza ikajisema ni ya magonjwa ya kike yasiyohitaji upasuaji, kisha ikaishia kuwa toniki ya mimea inayopendekezwa "katika hali ambazo dawa hii inazifaa". Linganisha sentensi hiyo na ile ya kwanza. Haitaji ugonjwa, kiungo wala matokeo. Ni sentensi ya mtu aliyebakiwa na yale tu yasiyoweza kumfikisha mahakamani, na kwa macho yetu ndiyo ripoti sahihi zaidi ya uwezo wa dawa hii iliyowahi kuchapishwa.

Mahali ambapo sheria haikufika kabisa ni magazeti. Lebo maana yake ilikuwa chupa, boksi na karatasi ya ndani. Tangazo la gazetini halikuhesabiwa. Kwa hiyo madai yalihama: yalipofutwa kwenye chupa yaliendelea ukurasani. Mnunuzi alishawishiwa na gazeti, na alipofika dukani lebo iliyonyamaza haikumpa sababu ya kurudi nyuma. Vidonge vya Marmola vya kupunguza unene, vyenye tezi ya thairoidi iliyokaushwa, vilitangazwa kama salama. Tume ya biashara ilipowakataza wenye navyo, Mahakama ya Juu iliitengua amri hiyo mwaka 1931 kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba washindani wao wameumizwa. Wanawake waliovimeza hawakuwa kipimo. Vipodozi navyo vilikuwa nje ya sheria: Lash Lure, rangi ya kope iliyopofusha, haikuweza kukamatwa.

Yote hayo yalibadilika 1938. Mwaka uliotangulia watu zaidi ya 100 walikufa kwa Elixir Sulfanilamide, na serikali ilipata njia ya kuikamata kwa sababu moja tu ya lebo: neno eliksiri lilimaanisha kuna alkoholi, na humo hamkuwa na alkoholi, mlikuwa na daiethilini glaikoli. Dawa ileile ingeitwa myeyusho, isingegusika. Sheria mpya ya 25 Juni 1938 iliondoa sharti la kuthibitisha nia, ikaingiza vipodozi, ikadai maelekezo ya kutosha na maonyo kwenye lebo. Sheria nyingine ya mwaka huo huo, ya Wheeler-Lea, ikaiwezesha tume ya biashara kushughulikia matangazo bila kusubiri mshindani alalamike.

Ukiikuta leo

Familia iliuza kampuni kwa Cooper Laboratories mwaka 1968. Jina limeendelea kuuzwa Marekani kama kirutubisho cha mimea, kwa mchanganyiko usiofanana na ule wa 1875. Virutubisho huko vinasimamiwa na sheria ya 1994: vinaweza kudai kusaidia mwili, lakini lazima vibebe tamko kwamba dai hilo halijatathminiwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na kwamba bidhaa haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa. Kwenye kirutubisho chochote cha wanawake, cha huko au cha huku, anza na tamko hilo, kisha kamata simu usome tangazo lake. Kama chupa inasema haitibu ugonjwa na tangazo linasema inasafisha kizazi, inayeyusha faibroidi na kuzibua mirija, unatazama ule mhamo wa madai wa 1912. Amini chupa. Muulize muuzaji vitu vitatu: kila mmea ni miligramu ngapi kwa dozi, kuna alkoholi asilimia ngapi, na ni nani asiyepaswa kuitumia. Orodha inayosema "mchanganyiko maalumu" bila miligramu haijajibu swali la kwanza.

Kwa mkusanyaji wa chupa za kale: chupa tupu ni kitu kizuri cha kale, na yenye lebo kamili ina thamani ya historia. Iliyo na kimiminika ndani isionjwe.

Kwa mwenye tatizo: damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, au kitu kinachohisiwa kuteremka ukeni, huchunguzwa kliniki wiki hiyo hiyo. Anayetaka uwatu anunue uwatu, kijiko kimoja cha chai kinapita chupa nzima ya Pinkham; asiutumie kama dawa akiwa mjamzito, na amwambie mhudumu wake kama anameza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au vidonge vya kisukari, kwa kuwa uwatu huweza kuongeza nguvu za vyote viwili.